Dini, Msongo wa Mawazo na Ustahimilivu kwa Wanafunzi wa Udaktari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo yamekusanywa kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa udaktari wa Tanzania, Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, ambao waliyauliza baada ya raundi za wodini, kwenye ngazi za hosteli, na wakati mwingine kwa ujumbe wa simu saa nane za usiku. Aliyeyajibu ni daktari anayewafundisha, ambaye naye ni mtu wa dini. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa huko. Ikiwa leo hii una mawazo ya kujidhuru, usianze na swali la kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye swali la 13.

## Misingi

1. Kukabili msongo kwa nyenzo za dini maana yake nini?

Ni kutumia imani, ibada na jumuiya ya waumini ili kulielewa jambo gumu, kulibeba na kulivuka. Mwanafunzi anayeswali rakaa mbili kabla ya mtihani wa mdomo, anayesali rozari ndani ya daladala akitoka wodini, anayemwendea mchungaji ili asikilizwe, na yule anayejiambia kwamba kufeli kwake ni hasira ya Mungu, wote wanafanya jambo hilo, ijapokuwa matokeo hayalingani.

Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State nchini Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba nyenzo hizo ni za namna mbili. Za upande chanya ni kama vile kumwona Mungu kuwa mshirika, kutafuta upendo wake, kuomba msamaha na kusamehe. Za upande hasi ni kujiona umeadhibiwa, kujiona umeachwa, kutilia shaka upendo au uwezo wa Mungu, na kuona mkono wa shetani katika kila pigo. Dodoso lake fupi lina vipengele 14, saba kwa kila upande, na mtu mmoja anaweza kuwa na vya pande zote mbili ndani ya wiki moja ya mitihani.

2. Ustahimilivu ndio uvumilivu? Ndio subira?

Vinakaribiana lakini si kitu kimoja. Wataalamu wa saikolojia wanaposema ustahimilivu, wanamaanisha uwezo wa kuinuka baada ya pigo na kuendelea kufanya kazi na kupenda watu, hata kama pigo limekubadilisha. Dodoso fupi lililotungwa mwaka 2008 na Bruce Smith na wenzake lina vipengele sita tu, navyo vinazunguka jambo moja: unainukaje na inakuchukua muda gani? Halimhesabii mtu kosa kwa kuwa aliumia.

Uvumilivu tuliofundishwa nyumbani mara nyingi ni wa kubana meno. Mtoto anaambiwa tangu darasa la kwanza kwamba mvumilivu hula mbivu, basi akilemewa chuoni anadhani kunyamaza ndiko kusubiri. Subira ya kwenye vitabu vya dini haikuwa kimya. Nabii Yaakub, ambaye Waislamu wanamtaja kuwa mfano wa subira njema, alimlilia Yusuf hadi macho yakawa meupe kwa huzuni, na mashitaka yake aliyapeleka kwa Mungu. Ayubu wa kwenye Biblia alilalamika sura baada ya sura. Hakuna aliyewavua heshima yao kwa machozi hayo.

3. Kwa nini wanafunzi wa udaktari wazungumziwe peke yao? Si kila mwanafunzi ana msongo?

Kila mwanafunzi anao, ila wa udaktari una mambo yake. Shahada yenyewe hapa nchini huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwake anaingia darasa ambalo karibu kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao, na muda si mrefu anasimama mbele ya maiti ya kujifunzia anatomia. Harufu ya fomalini inabaki vidoleni hata akinawa mara tatu, na jioni hiyo hiyo anatakiwa ale wali kwa mkono ule ule. Asipofikisha alama anapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Akishindwa zaidi anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na kijiji kilichokwisha kumwita daktari kinataka maelezo. Akiingia wodini, mgonjwa aliyemchukulia historia asubuhi anaweza kumkuta jioni amefunikwa shuka. Na boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, yote hayo anayabeba akiwa na njaa.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA, uliokusanya takwimu za wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120,000 kutoka nchi 43, ulikuta asilimia 27.2 wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au dalili zake. Katika tafiti zilizouliza kuhusu mawazo ya kujiua, asilimia 11.1 walikuwa nayo. Takwimu inayoniuma zaidi ni ya tatu: miongoni mwa waliokutwa na dalili za sonona, waliotafuta matibabu walikuwa asilimia 15.7 tu. Hao ni watu wanaosomea kutibu.

4. Je, imethibitishwa kwamba dini inasaidia?

Inategemea ni dini ya namna gani ndani ya moyo wa mtu. Mwaka 2005, Gene Ano na Erin Vasconcelles walichambua kwa pamoja tafiti 49 kuhusu watu waliokuwa katika hali ngumu, wakakuta kwamba nyenzo chanya za dini ziliendana na hali njema ya nafsi, na nyenzo hasi ziliendana na msongo, wasiwasi na sonona zaidi. Tahadhari moja ni ya lazima. Tafiti nyingi za aina hii hupima mambo yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo haziwezi kutamka kama imani ndiyo iliyoleta utulivu, au mtu aliyetulia ndiye anayepata nguvu ya kusali. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa epidemiolojia anapaswa kukumbuka jambo hili hata pale matokeo yanapompendeza.

## Imani inapobeba

5. Ni mazoea gani ya dini yanayomsaidia zaidi mwanafunzi?

Nikilazimishwa kuchagua moja, nitachagua kundi dogo la watu wanaokujua kwa jina. Jumuiya za wanafunzi wa Kikristo za TAFES, USCF, TMCS na TUCASA, na ya Kiislamu ya TAMSYA, zimekuwa vyuoni kwa miaka mingi, na faida yao haiko kwenye mahubiri pekee. Iko kwenye kiti kitupu. Usipoonekana jioni mbili mfululizo, kuna mtu anauliza uko wapi. Na akija kugonga akakukuta umelala na nguo za wodini, taa imezimwa tangu saa kumi na mbili, atajua kwamba jambo si usingizi. Darasa la watu mia mbili haliwezi kukufanyia hivyo.

Baada ya hilo, mambo madogo yanayorudiwa kila siku hushinda makubwa ya mara moja: uradi baada ya swala ya alfajiri, zaburi moja kabla ya kufungua desa (maandishi ya somo), dakika tano za kukaa kimya msikitini au kanisani kabla ya kurudi hosteli. Swala tano zina zawadi ambayo wanafunzi wengi hawaihesabu, nayo ni kwamba zinamwinua mtu kitini. Nimewaona wanafunzi waliokaa na kitabu saa saba bila kusimama, na nimewaona wenzao waliokatishwa na adhana mara tatu ndani ya muda huo, wakatawadha, wakanyoosha mgongo na kurudi. Sina kipimo cha kuwalinganisha, ila najua ni yupi ningependa awe daktari wangu saa nne za usiku.

6. Nimwachie Mungu yote, au nihangaike mwenyewe?

Pargament na wenzake walieleza mwaka 1988 kwamba waumini hutatua matatizo kwa namna tatu. Wapo wanaojitegemea wenyewe wakiamini Mungu amekwisha kuwapa akili. Wapo wanaomkabidhi Mungu yote na kusubiri. Na wapo wanaofanya kazi pamoja naye, yaani wanaomba na kutenda. Namna hiyo ya tatu mababu wa pwani waliijua kabla ya dodoso, kwa kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume Muhammad kama amwache ngamia wake bila kamba na kumtegemea Mungu, akajibiwa amfunge, kisha ategemee.

Nikiwa mwaka wa nne, mwenzetu mmoja alijichoma sindano Ijumaa jioni akitoa damu kwa mgonjwa ambaye hali yake ya VVU haikujulikana. Alikamua kidole chini ya bomba, akavaa glavu mpya, akamaliza kazi. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona aibu na aliogopa kuulizwa. Usiku ule na uliofuata alifunga mlango akaomba. Jumapili baada ya ibada alininong'oneza, macho akiwa ameyaelekeza kwenye viatu vyake, nami nikamshika mkono tukaenda idara ya dharura. Dawa za kinga zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72, na yeye alikuwa amebakiwa na saa thelathini hivi. Alizimeza siku zote 28, na hadi leo ni mwombaji kuliko mimi. Maombi yake hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa kuyafanya yawe mahali pa kujificha.

7. Nikeshe kwenye maombi usiku wa kuamkia mtihani?

Hapana, ikiwa mkesha huo utachukua nafasi ya usingizi. Ubongo hupanga na kuhifadhi ulichosoma wakati umelala, na asiyelala huingia kwenye mtihani akiwa na kumbukumbu iliyovurugika na hasira iliyo karibu. Weka mkesha mwanzoni mwa muhula au baada ya mitihani. Anayeamka kwa ajili ya tahajudi, swala ya Kiislamu ya usiku, aanze kulala mapema, na asihesabu saa tatu za usingizi kuwa usiku mzima.

8. Nifanyeje nikiwa nimefunga nami niko zamu?

Funga ya Ramadhani ina ruhusa zake kwa mgonjwa na msafiri, na mwenye kisukari au ugonjwa mwingine azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Kwa mwenye afya, jambo kubwa ni daku yenye chakula kinachokaa tumboni, maji ya kutosha usiku, na kupanga na wenzako nani atafuturu saa ngapi ili wodi isibaki tupu. Ukihisi kizunguzungu ukiwa umeshika mkasi wa upasuaji, toka mezani useme. Usalama wa mgonjwa haungoji magharibi. Wakristo wanaofunga wakati wa Kwaresima, au kwa siku kadhaa kavu kwa ajili ya maombi maalumu, wazingatie hayo hayo, na wasiunganishe funga kavu na wiki ya mitihani.

## Imani inapoumiza

9. Nimepata sapu. Je, Mungu ananiadhibu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwa sababu yake ukurasa huu uliandikwa.

Kiswahili kinatumia neno moja, mtihani, kwa karatasi ya maswali na kwa jaribu linalotoka kwa Mungu. Ni neno zuri, lakini linamnasa mwanafunzi. Anapofeli biokemia anasikia kwamba amefeli mbele za Mungu, na alama 38 zilizobandikwa ubaoni zinageuka kuwa hukumu juu ya roho yake. Anaanza kupekua maisha yake: ni ule uhusiano wa mwaka jana? Ni swala zilizonipita? Ni zaka ambayo sikutoa? Na kwa kuwa hakuna mwanadamu anayejipekua akakosa doa, lazima atapata jibu.

Kufikiri hivyo kunaharibu kwa njia tatu. Kwanza, kunaficha sababu yenyewe. Huenda alilala saa nne kwa usiku mwezi mzima, au aliugua malaria wiki ya mtihani, au hajapata bado njia ya kusoma inayofaa masomo yenye wingi kama huu. Pili, kunageuza sala kuwa chumba cha mahakama, naye mtu haendi kwa hiari mahali anapohukumiwa kila siku. Tatu, kunamtoa kwenye lile kundi dogo lililotajwa katika swali la 5, maana anaona haya kukaa na watu ambao Mungu hakuwaadhibu. Hapo anabaki peke yake na wazo lake, na hakuna anayelikanusha.

Uzito wa wazo hili umepimwa. Mwaka 2001 Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 waliokuwa wamelazwa, wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Waliokuwa wakijiuliza kama Mungu amewaacha, waliotilia shaka upendo wake, na walioamini kwamba shetani ndiye aliyeleta ugonjwa, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa hata baada ya hali ya ugonjwa wao kuzingatiwa. Mwanafunzi wa miaka ishirini na mbili si mgonjwa wa miaka sabini, kwa hiyo sichukui matokeo hayo nikambandika. Nayachukua kama onyo kwamba kujiona umeachwa na Mungu si huzuni ndogo ya kupuuzwa.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Jibu lilikuwa kwamba si yeye wala si wazazi wake. Kwa upande wa Uislamu, hadithi za Mtume zinafundisha kwamba watu wenye mitihani mikali zaidi ni Manabii, kisha wanaowafuatia kwa wema. Mwenye dhambi ya kutubu na atubu, kwa kuwa toba ni njema siku zote. Lakini asiichukue karatasi ya majibu kuwa ushahidi wa dhambi hiyo. Achukue karatasi nyingine, aandike kilichomkwamisha, aipeleke kwa mwalimu wa somo kabla wiki haijaisha. Nimekaa na wanafunzi wengi wakiandika orodha hiyo, na sijaona hata mara moja ambapo haikuwa na jambo la kurekebishika.

10. Ni dhambi kumkasirikia Mungu baada ya mgonjwa wangu kufa?

Mimi si sheikh wala padri, kwa hiyo swali la dhambi mpelekee mwenye elimu hiyo unayemwamini. Ninachoweza kukueleza ni kwamba hasira inayosemwa ndani ya sala bado ni sala. Zaburi nyingi ni malalamiko, na mojawapo, ile ya 22, inaanza kwa kumuuliza Mungu kwa nini amemwacha anayesali. Mwaka alipowapoteza Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, Mtume Muhammad alipata majonzi makubwa kiasi kwamba wanahistoria wa Kiislamu wameuita mwaka wa huzuni.

Kifo cha kwanza wodini hakisahauliki. Kama kiongozi wa raundi alipita kitanda hicho bila neno, tafuta mtu wa kumweleza, kwa sauti, jina la marehemu lilikuwa limekukaa vipi. Ila usitaje jina lenyewe nje ya wodi, kwa kuwa siri ya mgonjwa haiishi anapofariki.

11. Nyumbani wanasema nimelogwa, wanataka nikaombewe au nikasomewe.

Wanaosema hivyo mara nyingi wanakupenda na wanaogopa, na huo ndio msamiati walio nao wa kueleza kwa nini mtoto wao hodari halali, hali na halii. Huna haja ya kushinda mjadala wa uchawi. Kuombewa na mchungaji au kusomewa dua na sheikh muadilifu hakuna madhara ilimradi mambo matatu hayapo: hakuna kunyimwa chakula wala kufungiwa, hakuna fedha za kutisha, na hakuna anayekukataza hospitali. Mojawapo likiwapo, ondoka. Nakushauri pia umchukue ndugu mmoja anayesikilizwa, shangazi au mjomba, mwende naye kwa daktari ili asikie mwenyewe jina la tatizo lako.

## Msaada wa kitaalamu

12. Kumwona daktari wa magonjwa ya akili si upungufu wa imani?

Si upungufu. Hadithi ya Mtume inasema Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, kinaagiza katika sura ya 38 kwamba daktari aheshimiwe na apewe nafasi yake, huku mgonjwa akiomba. Na Azimio la Geneva, kiapo cha kitaaluma cha Chama cha Madaktari Duniani, lilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017 liliongezewa ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili aweze kuhudumia ipasavyo.

Najua kinachowazuia wengi si fikra hizo bali neno Mirembe. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, imetibu watu kwa vizazi kadhaa, lakini mitaani jina lake limegeuzwa tusi, na wanafunzi wa udaktari, ambao wangepaswa kujua zaidi, nao hulitumia kwa mzaha kwenye hosteli. Aliyekaa kitanda cha juu, ambaye hajalala kwa siku tatu, anasikia mzaha huo na kuamua kunyamaza.

Nenda ikiwa huzuni au kutojali kumedumu wiki mbili au zaidi, ikiwa usingizi na hamu ya chakula vimekimbia, ikiwa unatumia pombe au vidonge ili uweze kulala, au ikiwa ibada uliyoipenda imekuwa mzigo na huna hamu hata ya kumweleza Mungu hivyo. Ukiogopa kutibiwa mahali unaposomea, omba rufaa kwenda hospitali nyingine. Ni ombi la kawaida, nalo hukubaliwa.

13. Nina mawazo ya kufa. Nifanye nini?

Mwambie mtu mmoja sasa hivi, kwa maneno yaliyo wazi, kisha mwende pamoja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, ambako daktari wa zamu yupo usiku na mchana. Usibaki peke yako chumbani. Dawa na vitu vya hatari vilivyomo humo avichukue mwenzako.

Ikiwa anayekutia hofu ni rafiki yako, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi kunamtua mzigo. Usianze na mahubiri kuhusu moto. Nabii Eliya, alipochoka akakaa chini ya mti akaomba afe, hakuhubiriwa. Alilala, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa akala tena, na ndipo safari na mazungumzo yakafuata. Huo ni utaratibu mzuri wa huduma ya kwanza.

Wengi huogopa sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inataja jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini kuwa na mawazo hayo na kutafuta matibabu si kosa. Kwa majirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka Katiba yao.

14. Mtumishi wa Mungu ameniambia niache dawa kwa kuwa nimepona.

Usiache. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na kurudi kwa ugonjwa. Kama umepona kweli, daktari wako ataliona na atapunguza dozi kwa utaratibu. Anayetaka kufunga Ramadhani akiwa kwenye dawa amuulize daktari, kwa sababu baadhi yake, fluoksetini ikiwa mojawapo, humezwa mara moja kwa siku na zinaweza kupangwa wakati wa futari au daku.

## Hali za pembeni

15. Mtihani umepangwa Jumamosi nami ni Msabato, au vipindi vinaingiliana na swala ya Ijumaa.

Andika barua mara ratiba ya awali inapotoka, si usiku wa mwisho, na uipitishe kwa kiongozi wa jumuiya yako ili iwe ya wote. Pendekeza suluhisho ndani ya barua hiyo hiyo. Majibu yatatofautiana, lakini barua iliyowahi hupokelewa vizuri kuliko kiti kitupu siku ya mtihani.

16. Mgonjwa ameniomba niombe naye. Inaruhusiwa?

Akiomba yeye, na wewe uko radhi, sala fupi au kukaa naye kimya ni ubinadamu. Usianzishe wewe, kwa kuwa koti jeupe lina nguvu na mgonjwa anaweza kushindwa kukukatalia. Kama yeye ni wa dini nyingine, muulize kama angependa aitiwe mtu wa dini yake; hospitali kama KCMC na Bugando, zilizoanzishwa na makanisa, zina viongozi wa dini wanaohudumia wagonjwa, na karibu kila wodi ina ndugu anayemjua sheikh.

17. Mimi sina dini, au ninakaa chumba kimoja na mtu wa dini nyingine.

Asiye na dini hakosi nyenzo. Usingizi, kundi dogo, ratiba inayorudiwa, maana ya kazi na msaada wa kitaalamu humfaa kila mtu, na asilazimishwe kuingia kwenye ushirika ili apate marafiki. Wanaokaa pamoja wakiwa na imani tofauti wakubaliane mapema kuhusu sauti, taa za alfajiri na wageni. Chumba ambamo Mkristo anamwamsha mwenzake kwa ajili ya daku si jambo geni katika hosteli zetu.

18. Tangu nilipopita wodi ya watoto siwezi tena kusali.

Usijilazimishe maneno usiyoyaamini, na usitangaze leo uamuzi wa maisha yote. Kwanza tuangalie kama si sonona, ambayo huondoa ladha ya kila kitu, ibada ikiwamo; dalili ziko katika swali la 12. Kama si hiyo, tafuta mtu mzima wa dini aliyekwisha kukaa karibu na vifo, muuguzi wa siku nyingi au padri wa hospitali, umwambie ulichokiona bila kukipamba. Wapo waliorudi kwenye sala wakiwa na imani yenye maneno machache, na wapo ambao hawakurudi. Nimewafundisha wote wawili, na wote wanastahili kusindikizwa.

19. Ninaongoza jumuiya ya dini chuoni. Nifanye nini?

Acha kuwaita mbele waliofaulu ili watoe ushuhuda siku ile ile ambayo matokeo yametoka. Aliyepata sapu amekaa safu ya nyuma, na kila shangilio linamwambia lile lililoelezwa katika swali la 9. Weka siku ya kusikia pia ushuhuda wa aliyerudia mwaka na kuendelea. Pata namba za simu za mshauri nasaha wa chuo na za kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu, uzibandike palipo na ratiba ya ibada. Chagua watu wawili, mwanamume na mwanamke, wawe wanahesabu viti vitupu kila wiki na kwenda kugonga milango. Waende na chakula.